Jua la Kukodisha

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika mchana, taa ikiwa imewashwa.

Wakati huo nilikuwa nimepoteza kazi ya ukarani katika ghala moja la eneo la viwanda, nikawa nasahihisha vitabu vya shule nikiwa nyumbani. Katikati ya kazi hizo za watu nilikuwa naandika yangu. Nyumbani ni chumba kimoja katika ploti, jumba la kupangisha la ghorofa nyingi, kule mtaa wa Tassia. Nilipohamia, dirisha langu lilitazama kiwanja kitupu ambamo mafundi walikuwa wakitengeneza magari, na asubuhi jua liliingia mpaka kitandani. Kisha mtu akanunua kile kiwanja. Mafundi wakaondoka, msingi ukachimbwa, na ukuta ukaanza kupanda. Ulipanda polepole kiasi kwamba sikuona siku yenyewe jua lilipoondoka. Nilishtukia tu nawasha taa saa sita mchana ili nione ninachosoma, na nikitoa mkono dirishani nashika mawe ya jirani.

Watu huwauliza waandishi wa hadithi za aina hii, zile ambazo wasomi wanaziita distopia, wanayatoa wapi mambo yao ya kutisha. Wanadhani mtu anafumba macho na kuona mbali. Mimi sikuona mbali. Nilichukua kile kilichokuwa mbele ya pua yangu nikakipa miaka mingine ya kukua. Nadhani nilianza mazoea hayo nikiwa mdogo. Nilikulia Dandora, karibu na jaa la taka lililofuka moshi daima, na darasani tulipoambiwa tuchore mawingu, wengi wetu tuliyachora yakitoka ardhini. Mwalimu, ambaye hakuwa mkaaji wa kwetu, alidhani tunamfanyia mzaha.

Basi nikaandika kuhusu jiji la siku zijazo ambalo majumba yamesongana mpaka huko chini hakujapata kucha. Wenye uwezo wanaishi juu. Walio chini wananunua mwanga kidogokidogo, kama sisi tunavyonunua tokeni za stima, umeme wa kulipia kabla, na wale wa chini kabisa wanalipa ili wapandishwe juu wakakae juani kidogo kisha wateremshwe. Katika sura moja nikawaweka watoto waliozaliwa kule chini, watoto ambao mifupa yao imebaki laini na miguu yao inapinda wanapojaribu kusimama. Niliisoma ile sura nikaona nimepitiliza. Nikajiambia, hapa wasomaji watasema nimetia chumvi.

Huyo mtoto alikuwa akiishi chini yangu, na mimi sikuwa najua.

Mama yake alitoka Magharibi, upande wa Kakamega. Alikuwa akishona suruali katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo, akitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na nyuzi kwenye nywele. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, nyuma ya ngazi, na mlango wake ulifungukia korido ambayo taa yake haizimwi. Tulikuwa tunasalimiana tu bombani. Msichana wake alikuwa akiachwa kwa mama mmoja wa ploti hiyohiyo aliyelea watoto wa wafanyakazi: chumba kimoja, mkeka, televisheni, na watoto tele wakiwa wamekaa wakitazama katuni.

Siku moja bomba la juu lilikauka, nikashuka na mtungi. Mlango wa mlezi ulikuwa wazi. Yule msichana alikuwa ameshikilia kiti akijaribu kusimama. Alikuwa na umri wa kutosha kukimbia, mwenye meno yote na maneno mengi, lakini alisimama kama mtu aliyebana mpira katikati ya magoti. Kisha miguu ikamwishia, akakaa chini bila kulia, kama ambaye amezoea.

Niliweka mtungi chini. Sikufikiria riwaya papo hapo. Nilifikiri tu kwamba huyu mtoto anaumwa. Ni baadaye, nilipokuwa napanda ngazi na maji, ndipo nilipoikumbuka. Ile sura ilikuwa juu mezani, na mtoto alikuwa huku chini.

Jioni nilimngoja mama yake bombani.

"Dada, mtoto umempeleka kliniki?"

"Nimeambiwa ni uvivu," akasema. "Mlezi anasema wengine huchelewa kutembea."

"Si kuchelewa. Miguu imepinda."

Alinitazama kwa hasira, halafu hasira ikaisha. "Nimeona," akasema. "Kila nikimwogesha naona. Nilikuwa naomba iwe ni macho yangu."

Aliomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka lakini si mkali. Alimshika mtoto vifundo vya mikono, akampapasa mbavu, akamwinua asimame. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mnakaa wapi?"

"Tassia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Chini?"

"Chini."

Hakuhitaji kuuliza zaidi. Alituambia kwamba wanakuja wengi, wa Tassia, wa Pipeline, wa kila mahali ambapo nyumba zimebanana. Mifupa inataka jua. Akaandika matone ya vitamini ya kumpa, akasema mayai, akasema dagaa, kisha akasema, "Na asubuhi umtoe nje juani. Kila siku, bila kukosa."

"Jua la wapi, sista?" mama mtu akauliza. Hakuwa anabishana. Alikuwa anataka kuelekezwa.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Hamna paa?"

Paa lilikuwepo. Lilikuwa la zege, la kuanikia nguo, na ufunguo ulikuwa kwa msimamizi wa ploti, mzee wa Ukambani kama mimi. Nilimweleza kwa Kikamba, akanipa ufunguo bila maneno mengi. Mama mtu hangeweza kupanda asubuhi kwa sababu ya kiwanda, kwa hiyo nikamwambia nitampeleka mimi. Nilikuwepo nyumbani tu. Ndivyo nilivyoanza kumbeba mtoto wa wenyewe mgongoni, ngazi baada ya ngazi, kila asubuhi.

Siku ya kwanza alilia. Alifunika uso kwa mikono akajificha kifuani mwangu, nami nikageuka kumkinga, nikakumbuka kwamba hicho ndicho tulichokuja kutafuta. Nikamkalisha kwenye khanga. Baada ya muda akafungua jicho moja.

"Ni stima?" akaniuliza.

"Si stima. Ni jua."

"Nani atazima?"

"Hakuna wa kuzima."

Hakuniamini. Kwa siku kadhaa kila tulipofika juu alitafuta swichi ukutani kwa macho. Halafu akaona kivuli chake, kirefu, kikimfuata alipoinua mkono, akapiga kelele. Chumbani kwao taa ilikuwa katikati ya dari na kivuli chake kilikuwa kimejikusanya daima chini yake, kidogo. Hakuwa amewahi kukiona kikinyooka. Nikainua mkono wangu pia, vivuli vyetu vikasalimiana, akacheka mpaka akaanguka kiubavu.

Habari zikaenea. Mama mwingine akaja na mapacha wake, mwingine akaja na kichanga, na mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiishi na mwanawe akaanza kupanda kuota jua kwa ajili ya magoti yake. Tulikaa katikati ya shuka na jinzi zilizoanikwa. Kwa mbali, upande wa kaskazini, ungeweza kuona moshi wa Dandora, na ndege za uwanja wa Embakasi zilipita juu yetu chini sana. Wanawake walichambua mboga. Mtoto wetu alianza kusimama bila kushika kitu. Miguu ilikuwa bado imepinda, lakini ilikuwa inamshika. Mama yake alipoambiwa jioni, alimsimamisha kwenye korido akarudi nyuma hatua chache, akamwita, na mtoto akamwendea akiyumba kama bata. Sitasahau sauti aliyotoa mama yule.

Nikirudi chumbani nilikuwa naandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Nilianza kudhani kwamba nimeishinda hadithi yangu, kwamba nilikuwa nimeandika kitu kibaya kisha nikakizuia kisitokee.

Ndipo mafundi wakaja.

Tulikuta mifuko ya saruji kwenye ngazi asubuhi moja, na mlango wa paa ukiwa na kufuli jipya. Nilishuka kwa msimamizi.

"Mzee, tuna watoto."

"Najua, mwanangu."

"Basi tufungulie hata kwa muda mfupi kabla hawajaanza kazi."

"Ufunguo si wangu tena." Alikuwa ameketi kwenye kijichumba chake chini ya ngazi, ambacho kilikuwa na giza kuliko vyote. "Mwenye ploti anaongeza vyumba. Amesema paa limekaa bure."

Wanawake walikasirika. Tulikwenda kundi zima kwa mwenye ploti alipokuja kukagua, tukamkuta ameegemea gari lake langoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Yule bibi wa magoti ndiye aliyesema zaidi, na alisema kwa heshima.

"Mama," mwenye ploti akamjibu, "nyumba hii nimejenga ya kukaa watu. Jua si langu. Mkitoka nje ya lango, si lipo?"

Nje ya lango kulikuwa na barabara ya matope yenye upana wa mkokoteni, na pande zote mbili kuna majumba kama letu. Jua lilifika pale saa saba, likapita baada ya muda mfupi, na wakati huo pikipiki zilikuwa zimejaa. Tulijaribu. Tulikaa na watoto kando ya duka la vinyozi, tukifuata kipande cha mwanga kikihama ukutani, mpaka pikipiki moja ikamkosa pacha mmoja kwa unyoya. Mama yake hakuja tena. Tulipeleka malalamiko kwa wakubwa wa jiji. Afisa mmoja akaja, akapanda, akashuka akifuta vumbi kwenye viatu, akaaga. Ujenzi haukusimama hata siku hiyo.

Vyumba vilipokamilika, fundi wa maandishi alikuja na ngazi na rangi. Nilikuwa natoka kununua maziwa nikamkuta anamalizia herufi za mwisho kwenye lango: VYUMBA VYA JUA VIPO. ULIZA NDANI.

Nilisimama pale nikasoma mara nyingi. Vyumba vya jua vilikuwa na bei yao, juu ya ile tuliyokuwa tunalipa sisi wa chini. Katika riwaya yangu nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu kampuni inayouza jua, na nilikuwa nimehangaika nayo kwa sababu sikuona watu wangefikaje huko. Niliwatungia vita, nikawatungia serikali katili, nikaweka askari wenye bunduki mlangoni mwa paa. Kumbe havikuhitajika. Kilichohitajika ni mtu mpole mwenye ploti, na fundi wa rangi, na sisi tunaopita tukiwa na maziwa.

Jumamosi hiyo nilikwenda mjini kwa kikundi cha waandishi ambacho nilikuwa nakutana nacho. Nilisoma ile sura ya kampuni. Kijana mmoja aliyevaa vizuri, ambaye maandishi yake nayaheshimu, akasema nina ubunifu, lakini hapo pa kuuza jua nimeenda mbali mno. "Msomaji lazima aamini," akasema. "Punguza kidogo." Wengine wakakubali. Nilitaka kuwaambia habari za lile lango, lakini nilisikia uchovu mkubwa, uchovu wa mwili mzima, nikakunja karatasi zangu. Nikasema asanteni.

Mtoto alirudi kwenye mkeka na katuni. Matone yaliendelea yalipopatikana. Alikuwa ananiuliza kila aliponiona, "Twende juu?" nami namwambia huko juu kumekuwa nyumba ya watu. Baadaye akaacha kuuliza. Alianza tena kukaa.

Jioni moja mama yake alipanda kwangu. Alikuwa amesikia kwa mlezi kwamba naandika kitabu chenye mtoto kama wake. Aliketi kitandani, bado na sare ya kiwanda.

"Nisomee," akasema.

Nilimweleza kwanza kwamba niliandika kabla sijamjua mwanawe. Akasema haidhuru, nisome. Nikasoma sura ya watoto wa chini, polepole, nikiona aibu kwa kila neno zuri nililokuwa nimechagua. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza aliniinulia macho.

"Huyo mtoto wa kwenye kitabu anapona?"

"Bado sijafika huko."

"Lakini unajua."

"Haponi," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema kwamba hadithi kama hizi ni onyo, kwamba mtoto akipona msomaji atafunga kitabu amefurahi na kusahau. Nilisema maneno ambayo nimeyasikia yakisemwa na waandishi wengi na ambayo nilikuwa nayaamini.

"Watu wa kuonywa ni akina nani?" akauliza. "Sisi tunajua. Mwenye ploti hasomi." Akafuta macho kwa mkono wa sare. "Mponye tu. Hapo kwenye karatasi hakuna wa kukukataza. Mponye."

Nilimwahidi kwamba nitajaribu, na nilijaribu kweli. Niliandika mwisho ambamo wanawake wanavunja kufuli. Niliandika mwingine ambamo ukuta wa jirani unaanguka pasipo mtu kuumia. Niliandika mwingine ambamo mkubwa mmoja anapanda ngazi na kuona na kuamuru. Asubuhi nikisoma naona ni uongo, kwa sababu nilijua kila jambo lilivyoishia huku nje. Tulikuwa tumesimama wengi langoni na hatukuvunja kufuli. Kila mmoja wetu alihitaji chumba chake.

Mwishowe mama mtu alifanya alichoweza. Nyanya wa mtoto, ambaye wao humwita kukhu, alikubali kumchukua kijijini, ambako kuna uwanja na jua la bure. Shangazi mmoja aliyekuwa akisafiri ndiye aliyempeleka, maana kiwanda hakikutoa ruhusa ya siku mbili. Tuliagana langoni asubuhi. Mtoto alivikwa sweta jekundu na viatu vipya vilivyomsumbua. Alidhani tunakwenda sote. Alipoona mama yake anabaki, hakulia. Alimshika kidole akakivuta kama mtu anayefungua mlango mgumu. Mama yake akakitoa kidole taratibu, akasema kwa Kiluhya maneno ambayo sikuyaelewa, akageuka akaenda kazini. Hakutazama nyuma. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye umati wa watu wa viwandani, wote wakienda upande mmoja.

Kitabu kilitoka baada ya muda. Mtoto wa kwenye kitabu hakupona. Niliondoa ile kampuni ya kuuza jua kama nilivyoshauriwa, na mhakiki mmoja akaandika kwamba ni picha ya kuogofya ya wakati ambao tunaomba tusiufikie. Niliikata ile makala, kisha sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimewasha taa ili niisome, na nje ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama yule alihama. Alitafuta kitanda katika chumba cha wafanyakazi wenzake karibu na kiwanda, kwa kuwa peke yake hakuhitaji nafasi. Hunipigia simu siku moja moja wakati wa mapumziko ya chakula. Mara ya mwisho aliniambia kwamba mtoto anatembea vizuri, anachunga kuku, ila miguu haitanyooka yote. Daktari wa huko amesema walichelewa kidogo.

"Unaongea naye?" nikamuuliza.

"Kukhu humpa simu. Anasikiliza tu. Juzi akauliza, huyu ni nani?"

"Ni mtoto, dada. Ukienda atakujua."

"Krismasi walitupa siku tatu," akasema. "Nikahesabu njia ya kwenda na kurudi. Nikaona nitafika, atanikimbia, atanizoea, halafu siku anayonizoea ndiyo nitakayoondoka tena. Nikaona nisimfanyie hivyo mara mbili."

Nilisikia mashine nyuma yake zikianza kunguruma, moja, halafu nyingine, halafu zote. Akasema wanaitwa, akakata simu.